Gay-Lussac, mtu wa kipimo: kutoka fedha ya Paris mpaka asidi ya Katanga

Kila mtu mwenye kutumika ku kiwanda cha shaba anajua ile maneno: gramu kwa lita. Asubuhi labo inatoa karatasi, shefu anasoma: asidi iko gramu fulani kwa lita, shaba iko gramu fulani kwa lita. Kama namba ya asidi iko chini, wanaongeza. Kama iko juu, wanapunguza. Mangaribi, mtoto anarudi kutoka shule na kazi ya kemia, ile banafunzi wanaita shimi, na ndani ya daftari kumeandikwa konsentrasio. Mara mingi baba na mtoto hawajui kwamba wanasema juu ya kintu kimoja.

Leo tunapenda kueleza maisha ya Mfaransa moja ambaye alitumika miaka mingi juu ya kile kintu: Joseph Louis Gay-Lussac. Alikufa mwaka 1850, zamani sana mbele ya viwanda vya Likasi na Kolwezi kujengwa. Lakini kila siku watu wa labo wanashika mkononi pipeti na bureti, na wanafuata njia aliyoifungua yeye.

Mtoto wa Saint-Léonard

Gay-Lussac alizaliwa tarehe 6 Desemba 1778 ku Saint-Léonard-de-Noblat, mji mdogo karibu na Limoges, katikati ya Ufaransa. Baba yake aliitwa Antoine Gay, mtu wa sheria. Familia ilikuwa na shamba mahali panaitwa Lussac, njo sababu wakaongeza ile jina ku jina lao, ili watu wasiwachanganye na akina Gay wengine.

Kijana alikuwa na miaka kumi tu wakati Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza. Baba yake alishikwa na kutiwa gerezani, kisha akafunguliwa. Familia haikurudia utajiri wake wa mbele. Hata hivyo walimtuma mtoto Paris kusoma, na mwisho wa mwaka 1797 akaingia École Polytechnique, shule kubwa ya serikali, ambako watoto waliingia kwa mtihani.

Kisha masomo, mwanakemia mkubwa Berthollet alimchukua kama msaidizi wake ku Arcueil, karibu na Paris. Wanasimulia kwamba Berthollet alimpa kazi ya kupima kitu fulani, akitumaini kwamba vipimo vitahakikisha wazo lake mwenyewe. Kijana akapima, akapata kinyume, na hakuficha. Berthollet hakukasirika. Alifurahi kupata mtu ambaye hapindui namba ili kupendeza mkubwa wake. Ile tabia ilimfuata Gay-Lussac maisha yake yote.

Kupanda mpaka mita 7016

Mwaka 1804 alikuwa na miaka 25. Wanasayansi wa Paris walitaka kujua kama hewa ya juu kabisa iko sawa na hewa ya huku chini. Hakukuwa ndege, kulikuwa paka baluni ya hewa nyepesi. Mwezi wa nane alipanda pamoja na mwenzake Jean-Baptiste Biot. Tarehe 16 Septemba akapanda tena, sasa peke yake, mpaka mita 7016. Kwetu Kongo, mlima mrefu kupita yote, kilele cha Margherita ku Ruwenzori, uko na mita 5109. Yeye alipita juu ya ile karibu kilomita mbili, ndani ya kikapu, bila nguo za kutosha, baridi ikiwa chini ya sifuri, pumzi fupi, moyo ukipiga mbio.

Huko juu akafungua chupa ambazo alikuwa ametoa hewa yote ndani, zikajaa hewa ya kule, akazifunga. Aliporudi chini akapima: sehemu ya oksijeni ilikuwa sawa na ya hewa ya Paris. Kule juu hewa yote inapungua, njo sababu mtu anakosa pumzi, lakini oksijeni na naitrojeni zinapungua pamoja. Tukumbuke hii jambo: kiasi ni kitu kimoja, na sehemu ya kitu ndani ya mchanganyiko ni kitu kingine. Ni hapo banafunzi wengi wanapotea.

Mwaka 1805, pamoja na Mjerumani Alexander von Humboldt, alipima vizuri jinsi maji yanavyotengenezwa: vipimo viwili vya hidrojeni kwa kipimo kimoja cha oksijeni. Mwaka 1808 akaonyesha kwamba gesi zote zinaungana kwa namba ndogo za namna hii, moja kwa moja, moja kwa mbili, moja kwa tatu. Kutoka hapo wengine, kama Mwitalia Avogadro mwaka 1811, walipata njia ya kuhesabu chembe ndogo kabisa za vitu.

Macho yake na mke wake

Ile mwaka 1808 karibu apoteze macho. Alikuwa anatumika na rafiki yake Thénard juu ya potasiamu, madini laini ambayo inashika moto ikigusa maji. Kitu kilipasuka mbele ya uso wake. Alibaki muda bila kuona, na macho yake hayakupona kabisa. Kwa watu wanaotumika na asidi, hii si hadithi ya zamani. Miwani ya kukinga macho inakaa usoni, haikai mfukoni.

Mwaka 1809 alioa Geneviève-Marie-Joseph Rojot. Alimkuta akiuzisha ku duka la nguo za kitani, na aliona kwamba binti alikuwa amefichama nyuma ya meza akisoma kitabu. Kilikuwa kitabu cha kemia. Waliishi pamoja mpaka kifo, wakazaa watoto watano.

Ile mwaka alikuwa mwalimu wa kemia ku École Polytechnique, na alifundisha fizikia ku Sorbonne. Wengine walimlaumu kwamba alikumbatia kazi mingi ili apate pesa mingi. Lakini njo zile kazi za serikali na za viwanda zilimleta ku jambo letu: kupima nguvu ya vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji.

Ukolezi ni nini?

Tusimame kidogo hapa, juu ya batoto wa shule.

Mtu akisema chai imekolea sukari, anasema juu ya ukolezi. Chukua gramu 20 za sukari, tia ndani ya kikombe, ongeza chai mpaka robo lita. Ukolezi wake ni gramu 20 ukigawanya kwa lita 0.25, yaani gramu 80 kwa lita. Sasa chukua zile zile gramu 20, weka ndani ya termo, jaza mpaka lita 1. Ukolezi ni gramu 20 kwa lita. Sukari ni ile ile. Kilichobadilika ni nafasi yake.

Na kama umekunywa nusu ya kikombe cha kwanza? Kimebaki nusu ya chai na nusu ya sukari, lakini ukolezi ungali gramu 80 kwa lita. Kila tone ni tamu sawa vile vile. Ni kama ile hewa ya Gay-Lussac: kiasi kinapungua, sehemu haipungui.

Jambo lingine ambalo linaangusha banafunzi: lita tunayohesabu ni lita ya myeyusho wote, si lita ya maji uliyotia. Njo sababu ku labo wanaweka kwanza kitu ndani ya chupa, wanatia maji kidogo, wanayeyusha, kisha wanaongeza maji mpaka alama. Kwa asidi kali, kwanza maji, kisha asidi, polepole. Ukimwaga maji juu ya asidi kali, inachemka mara moja na kurukia mtu.

Shule inaongeza neno lingine: moli. Chembe zinakutana kwa hesabu, hazikutani kwa kilo. Kama vile mtu anauzisha mayai kwa sahani na hayahesabu moja moja, mwanakemia anahesabu chembe kwa moli. Moli moja ya asidi sulfuriki ina uzito wa gramu 98. Kwa hiyo asidi ya gramu 98 kwa lita ni moli 1 kwa lita. Asidi ya gramu 10 kwa lita ni 10 ukigawanya kwa 98, karibu moli 0.102 kwa lita. Baba wa kiwanda anasema gramu 10, mtoto wa shule anasema moli 0.102. Wote wawili wanasema kweli.

Pombe, dawa ya kufulia, na kodi

Zamani za Gay-Lussac, nguvu ya vitu ilikuwa sababu ya ugomvi sokoni. Kiwanda kinanunua klorini ya kung'arisha vitambaa: iko na nguvu, ao ni maji matupu? Mfanyabiashara analipa kodi juu ya pombe: pombe ngapi, maji ngapi? Mnunuzi na muuzaji, kila mtu na namba yake.

Mbele yake watu kama Descroizilles, mtengeneza dawa wa Rouen, walikuwa wameanza kupima kwa kumwaga kitu kimoja ndani ya kingine polepole. Gay-Lussac akachukua ile njia na kuifanya kuwa ya kuaminika. Mwaka 1824 alitoa maelezo juu ya kupima klorini, na humo alitumia majina ambayo tunatumia mpaka leo: pipeti, kwa kuchukua kipimo kamili, na bureti, kwa kumwaga tone kwa tone.

Ile ile mwaka alitoa kipimo cha pombe chenye alama kutoka 0 mpaka 100: sifuri ni maji, 100 ni pombe tupu, na kinasomwa ku joto la digrii 15. Serikali ya Ufaransa ilikitumia kwa kodi. Ile asilimia tunayosoma ku karatasi ya chupa ya bia inafuata ile njia. Lutuku haina karatasi, na mtu anayeikunywa hajui anakunywa nguvu gani.

Mwaka 1828 akaeleza tena jinsi ya kupima nguvu ya soda na potasi kwa kutumia asidi ambayo nguvu yake inajulikana.

Fedha, chumvi na matone

Kazi yake kubwa ya kipimo ilikuja mwaka 1829. Serikali ilimweka kuwa mkubwa wa wapimaji wa madini ya fedha ku nyumba ya kutengeneza sarafu, Paris. Sarafu za fedha za Ufaransa zilipaswa kuwa na sehemu 900 za fedha ndani ya 1000; zile 100 ni shaba.

Kwa miaka mia na mia watu walipima fedha kwa moto. Kipande kinafungwa pamoja na risasi, kinawekwa ndani ya kikombe cha majivu ya mifupa, kinachomwa sana. Risasi na shaba zinaingia ndani ya kikombe, fedha inabaki kama kitone. Wanaipima kwa mizani. Shida ni moja: fedha kidogo inakimbia pamoja na risasi. Kwa hiyo namba iliyotoka ilikuwa chini ya ukweli, sehemu kadhaa katika 1000. Sehemu kadhaa katika 1000 ni kidogo kwa pete moja. Kwa tani za fedha, ni mali ya watu. Na mwenye kuleta fedha hakuwa na njia ya kujua, maana moto umekwisha kula.

Gay-Lussac aliacha moto, akachukua maji. Kipande cha sarafu kinayeyushwa ndani ya asidi nitriki. Ukitia maji ya chumvi, chumvi ya kawaida kama ya kupikia lakini safi, fedha inageuka unga mweupe na kushuka chini. Shaba inabaki ndani ya maji. Wakati fedha yote imekwisha, tone lingine la chumvi halileti tena wingu. Hapo mpimaji anasimama na kusoma ametumia maji ya chumvi ngapi.

Akili ya ile njia iko ndani ya ukolezi. Gay-Lussac alitengeneza maji ya chumvi ambayo mililita 100 zake zinashusha gramu 1 kamili ya fedha, haipungui, haizidi. Kwa hesabu ya leo, ni karibu gramu 5.42 za chumvi kwa lita. Kisha alichukua lita 1 ya yale maji na kuongeza maji safi mpaka lita 10. Ukolezi ukashuka mara kumi. Sasa mililita 1 ya maji mapya inashusha miligramu 1 ya fedha.

Tuchukue mfano. Kipande kina uzito wa gramu 1.110. Unatia mililita 100 za maji makali: gramu 1 ya fedha imeshuka. Unatikisa chupa kwa nguvu mpaka maji yanang'aa. Unatia mililita 1 ya maji mepesi: wingu linatokea, kungali fedha. Unatikisa tena. Mililita ya pili: wingu. Ya tatu: hakuna kitu. Kwa hiyo fedha ni gramu 1.002. Gawanya kwa 1.110, unapata sehemu 903 katika 1000. Hakuna siri. Mtu yeyote mwenye mizani nzuri, pipeti na chumvi safi anaweza kurudilia kazi na kupata namba ile ile.

Mwaka 1832 aliandika kitabu cha kueleza ile njia hatua kwa hatua, na kikatafsiriwa kwa lugha nyingine. Kosa lilishuka mpaka karibu nusu ya sehemu moja katika 1000. Lakini kupita ile nusu, kulikuwa kitu kingine: muuzaji na mnunuzi sasa waliweza kusimama mbele ya chupa moja na kuona wingu moja.

Watu wetu wanaochimba kwa mikono wanajua uzito wa hii jambo. Mtu anashusha mifuko yake mbele ya mnunuzi, wanampa teneur, na bei inafuata ile namba. Teneur ya jiwe si ukolezi wa maji, lakini ku labo wanayeyusha jiwe ndani ya asidi ili wapate kuipima vizuri, na pale hesabu ni ile ile. Mtu asiyejua namba inatoka wapi anabaki paka kukubali ao kugomba. Anayejua anaweza kuomba kipimo cha pili, ku labo ingine, juu ya kipande kile kile.

Mnara wa asidi

Gay-Lussac alikuwa pia mshauri wa kampuni ya Saint-Gobain, iliyotengeneza vioo na vitu vya kemia. Zamani zile asidi sulfuriki ilitengenezwa ndani ya vyumba vikubwa vya risasi: wanachoma salfa, wanatia moshi wa nitrati ili kuisaidia, na maji. Ule moshi wa nitrati ulikuwa wa bei kali, na ulitoka ku bomba na kupotea, ukichoma pumzi za watu wa jirani.

Mwaka 1827 yeye alitoa wazo la mnara: moshi unapanda kutoka chini, asidi kali inashuka kutoka juu, inakamata ule moshi na kuurudisha ku kazi. Ilichukua miaka 15. Mnara wa kwanza ulijengwa ku Chauny mwaka 1842. Leo asidi nyingi inatengenezwa kwa njia ingine, lakini mnara wa Gay-Lussac ulisaidia asidi kuwa mingi na ya bei nafuu.

Asidi mingi, njo maisha ya Katanga. Ku Shituru, Likasi, na ku Luilu, Kolwezi, jiwe la kijani la malakiti linayeyushwa ndani ya asidi sulfuriki, maji yanageuka buluu, kisha umeme unatoa shaba ndani yake. Tuseme tangi iko na mita kibe 200 za maji, yaani lita 200,000, na asidi ni gramu 10 kwa lita. Ndani mna kilo 2,000 za asidi, tani mbili. Namba ikikosewa kwa gramu 1 tu, kosa ni kilo 200. Asidi ikipunguka, shaba inabaki ndani ya matope na kutupwa. Ikizidi, ni pesa inayopotea, na bomba zinaliwa.

Na namna gani labo inajua kwamba ni gramu 10? Kwa njia ya bureti. Mwanafunzi ajaribu na asidi safi: mililita 10 za asidi, na soda kostiki ya moli 0.1 kwa lita ndani ya bureti. Rangi inageuka kisha mililita 20.4. Soda iliyotumika ni moli 0.00204. Asidi sulfuriki moja inaomba soda mbili, basi asidi ni nusu: moli 0.00102. Ilikuwa ndani ya mililita 10, kwa hiyo ndani ya lita ni moli 0.102. Zidisha mara 98: gramu 10 kwa lita. Wengi wanasahau ile nusu, na wanapata gramu 20. Ku mtihani ni pointi zinazopotea. Ku tangi letu ni tani mbili ambazo hazipo.

Mwisho wake

Mwaka 1831 watu wa mkoa wake, Haute-Vienne, walimchagua kuwa mjumbe ku bunge, na mwaka 1839 mfalme alimpandisha ku baraza la wakubwa. Ku siasa hakuacha alama kubwa. Alikufa Paris tarehe 9 Mei 1850, na kaburi lake liko ku makaburi ya Père-Lachaise. Jina lake limeandikwa ku mnara wa Eiffel, pamoja na wataalamu wengine 71.

Alipanda juu sana, lakini ile tuliyorithi kwake iko chini, mezani: kipande cha kioo chenye alama, chumvi, na uvumilivu wa kutikisa chupa mpaka maji yanang'aa. Mzazi anayetumika ku kiwanda aombe mtoto wake amuonyeshe daftari ya kemia, na yeye amueleze karatasi ya labo. Waweke gramu 10 kwa lita na moli 0.102 kwa lita upande kwa upande, wafanye hesabu pamoja.